Hesabu Isiyo na Mwisho na Mashine ya Mama

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kueleza jambo lililonisumbua tangu mwezi wa pili hata likizo ya mwezi wa sita. Najua ya kuwa wasomaji wengi wakiliona neno hesabu hufunua ukurasa wa mbele kutafuta habari za mpira. Nawasihi wavumilie kidogo, maana ndani yake mna habari za reli, za mama yangu, na za shilingi milioni sita ambazo si zetu zote.

Mwalimu wetu wa hesabu ana desturi ya kutukusanya jioni ya Jumatano sisi wa kidato cha nne tunaotumaini kuendelea kidato cha tano na hesabu nzito. Tu watu kumi na mmoja. Hatutahiniwi kwa mambo hayo mwaka huu. Yeye hutuonjesha tu, kama mpishi anayempa mtoto ukoko kabla chakula hakijapakuliwa. Hivyo ndivyo tulivyoonjeshwa kalkulasi, na mlango wake ni kitu kinachoitwa limiti. Kwa kuwa gazeti hili husomwa na wazazi wetu pia, nitakiita kikomo.

Swali la kwanza tulilopewa lilikuwa hili: namba n ikizidi kukua pasipo mwisho, sehemu hii itaelekea wapi? Juu, yaani kwenye kiasi, pana 3n² + 5n. Chini, kwenye asili, pana 2n² + 7. Mimi nilimaliza kabla ya wenzangu wote. Nilifikiri hivi: n ikiwa haina mwisho, basi juu hapana mwisho na chini hapana mwisho, kitu kikigawanywa kwa kitu kile kile jibu ni 1. Nikaandika 1, nikakunja mikono, nikawatazama wengine wanavyohangaika. Daftari liliporudi nilikuta alama ya kosa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Njoo nikuone."

Nilipokwenda hakunigombeza. Aliniambia niweke 10 mahali pa n. Nikapata 350 juu na 207 chini, karibu 1.69. Akaniambia niweke 100. Nikapata 30,500 kwa 20,007, karibu 1.52. Nikaweka 1,000, ikawa 1.5025. Akauliza, "Je, unaona inakwenda kwenye moja?" Nikasema, "La, Mwalimu, inakwenda kwenye moja na nusu." Akasema, "Sasa niambie ni nani aliyekudanganya." Nikanyamaza, maana aliyenidanganya ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeichukua alama ya pasipo mwisho, ile inayofanana na nane iliyolala, nikaifanya namba kama saba au kumi na mbili. Alama hiyo iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1655 na Mwingereza John Wallis, na tangu hapo, nadhani, imewatega wanafunzi wengi kama nilivyotegwa. Si namba. Hakuna mtu aliyefika huko akarudi na kipimo.

Alinionyesha njia. Gawa kila kitu, juu na chini, kwa n². Juu inabaki 3 na 5/n. Chini inabaki 2 na 7/n². Sasa n ikikua, 5/n hufifia, na 7/n² hufifia upesi zaidi, kama chumvi chembe moja katika Mto Kilombero. Kinachobaki ni 3 kwa 2. Nikasema nimeelewa. Wasomaji wanaojua shule wanajua maana ya mwanafunzi kusema nimeelewa: maana yake ni kwamba ninaweza kuirudia ukiniuliza kesho.

Bwenini tulibishana usiku ule hata tukafokewa. Mwenzangu mmoja alishika ya kuwa kikomo ni mahali ambapo hesabu haifiki kamwe, kama mpaka wa shamba la watu. Mimi nilikuwa upande wake. Asubuhi tulimpelekea mwalimu shauri letu, tukidhani atatusifu. Akatuelekeza nje ya dirisha. Kengele yetu, wageni wamekwisha kuiona, ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni kwa mnyororo. Akamtuma mmoja aisukume. Ikaenda huku, ikarudi huku, kila mara kwa udogo kuliko kwanza, mpaka ikakaribia kutulia. "Inaelekea wapi?" Pale katikati. "Imepita pale katikati mara ngapi?" Mara nyingi. "Basi msiniambie tena kwamba kikomo hakifikiwi. Huenda kikafikiwa, huenda kisifikiwe, huenda kikavukwa mara elfu. La muhimu ni kwamba kadiri unavyokwenda mbele hutoki tena karibu yake."

Jumatano iliyofuata alitupeleka kwenye reli. Sisi wa Mlimba tumekulia na reli hii mpaka hatuioni tena. Ni ile ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Hapa kwetu ndipo bonde linapokwisha. Mbele yake ni kupanda milima kwa matundu na madaraja mpaka Makambako. Lakini upande wa nyuma, kuelekea Ifakara, pana mahali imenyooka kama uzi wa fundi, na hapo ndipo tuliposimama kwenye kivuko cha miguu, mwalimu akiwa amekwisha kuuliza kama kuna treni njiani.

Kila mtu anajua ya kuwa ukitazama reli kwa mbali utaona zinakutana. Mwalimu alitaka tupime kukutana huko. Upana kati ya reli na reli ni milimita 1,067. Tulishika rula mbele ya jicho kwa umbali wa sentimita 60, jicho moja tumelifumba. Kwa hesabu ya pembetatu zinazofanana, upana unaoonekana kwenye rula ni 640 na kitu ukigawanya kwa umbali kwa mita. Mita 10 mbele yetu tulipima milimita 64. Mwenzetu mmoja alihesabu hatua mita 100 kando ya njia, akasimama huko na leso yake mkononi. Tukapima milimita sita na kidogo. Mita 1,000 ingekuwa sehemu tu ya milimita moja, na rula zetu za plastiki hazina macho ya kuona hayo. Kikomo cha upana ule unaoonekana ni sifuri. Walakini upana wenyewe, ule wa chuma, ni milimita 1,067 hapa, ni 1,067 Mngeta, na ni 1,067 Dar es Salaam, ama sivyo treni zingekuwa zimelala majaruba. Hakuna stesheni mahali reli hizi zinapokutana. Mmoja wetu alisema kama ingekuwako angeomba tikiti ya kwenda tu, bila kurudi, kwa sababu ya mtihani wa mwezi wa kumi na moja.

Nilicheka pamoja na wengine, nikarudi bwenini nimeridhika. Lakini nikiri ya kuwa hata wakati huo kikomo kwangu kilikuwa mchezo mzuri wa Jumatano. Sikujua kama kinaweza kumla mtu fedha.

Nyumbani kwetu ni upande wa Mngeta. Mama yangu, baada ya kuuza mpunga wa misimu miwili, alikopa katika kikoba cha akina mama, akanunua mashine ya kukobolea mpunga yenye injini ya dizeli. Mashine, injini, banda, usafiri na riba ya mkopo, vyote pamoja ni shilingi 6,000,000. Baba alikwisha kufariki nikiwa darasa la tano, kwa hiyo shauri lote lilikuwa lake. Nilipofika likizo, mavuno yako njiani na baiskeli zimeelemewa magunia, nilitegemea kukuta banda limejaa watu. Nikakuta mama amekaa juu ya gunia tupu, injini imezimwa.

Nilimwamkia, nikauliza kulikoni. Akanieleza. Yeye alikuwa akitoza shilingi 5,000 kwa gunia. Ng'ambo ya barabara mtu mwingine alikuwa amefunga mashine ya umeme, akitoza 4,000. Wateja wakahama. "Lakini mimi nimekwisha kupata dawa," akasema mama. "Jumatatu nashusha mpaka elfu tatu na mia tano. Watarudi wote, na wa yule nao watakuja. Faida ya gunia moja itakuwa ndogo, lakini wingi utafidia. Mashine imekwisha kununuliwa. Kila gunia linalopita linaila ile bei kidogo kidogo, mpaka itakwisha yenyewe."

Maneno hayo yalinipendeza, kwani yalifanana na ya mwalimu: bei ya mashine inafifia kadiri magunia yanavyozidi. Usiku nikachukua daftari ili nimwonyeshe mama ni magunia mangapi yatatosha. Nilimwuliza gharama za kila gunia, tukazitaja moja moja. Dizeli, 1,900. Kijana anayeendesha mashine, 1,000. Oili, mikanda, chekeche na vipuri vinavyolika, tukakadiria 600. Jumla, 3,500.

Nikaandika: gharama yote ya magunia n ni 6,000,000 na 3,500n. Gharama ya gunia moja kwa wastani ni hiyo yote ukigawanya kwa n. Nikatazama nilichokiandika, na mwili ukanisisimka, maana lilikuwa swali lile lile la mwezi wa pili limekuja nyumbani limevaa kanga. Gawa juu na chini kwa n. Unapata 6,000,000/n na 3,500. Magunia 100, gharama ya kila moja ni 63,500. Magunia 1,000, ni 9,500. Magunia 4,000, ni 5,000. Magunia 10,000, ni 4,100. Magunia 60,000, ni 3,600. Magunia milioni sita, ni 3,501. Milioni sita inafifia kweli kama mama alivyosema. Dizeli haifififii. Kikomo ni 3,500, na ndiyo bei mama aliyotaka kuitangaza Jumatatu.

Kwa bei hiyo tungekoboa mpunga wote wa bonde la Kilombero, na wa Usangu tukaletewa, na deni lingekuwa lile lile siku ya mwisho kama siku ya kwanza. Si kwamba tungechelewa kulilipa. Lisingepungua hata senti moja.

Kumwambia mzazi jambo kama hilo si kazi nyepesi. Nilianza, "Mama, samahani, hesabu inakataa." Akasema, "Hesabu gani inayokataa biashara? Mimi nimeuza mpunga kabla hujazaliwa." Nikaona nikiendelea na n nitafukuzwa mezani. Nikaenda kuchukua punje za mahindi. Nikaweka fungu kubwa mbele yake, nikasema hilo ndilo deni. Kisha nikamwomba awe mashine. Kila gunia, mteja anatoa punje saba. Mwuza dizeli na kijana na vipuri wanachukua punje saba. Akafanya mara moja, mara mbili, mara tano. Fungu limekaa palepale linamtazama. Mara ya tisa akaacha. Alikaa kimya muda mrefu, koroboi ikitoa moshi. Halafu akasema, "Dizeli hainenepi wala haikondi."

Katika daftari langu la Jumatano nimeandika maneno hayo juu ya ukurasa, kwani sijaona kitabu kilichoyasema vizuri zaidi.

Tukaanza kuhesabu bei nyingine. Kwa 4,000 kama ya jirani, tunabakiza 500 kwa gunia, deni litakwisha kwa magunia 12,000. Kwa 4,500, magunia 6,000. Kwa 5,000, magunia 4,000, kama wateja wangekuwako. Mama anakisia ya kuwa kwa mwaka mzima tunaweza kupata magunia 1,500. Nikamwambia basi kwa 4,000 ni miaka minane. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, na ndipo mama aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Na hiyo mashine itakoboa magunia mangapi kabla haijafa?"

Mimi nilikuwa nimeipeleka n mpaka pasipo mwisho kwa furaha kubwa, wala sikukumbuka ya kuwa n ni chuma na mpira. Fundi alikuwa amemwambia mama kwamba injini ile ikitunzwa vizuri itafika miaka sita, pengine saba, kisha itadai matengenezo makubwa. Basi miaka minane haimo. Kwa 4,000 tungekuwa na kikomo chini ya bei yetu, hesabu ikitupa heko, na mashine ikafa kabla ya deni. Kujua unakokwenda hakukutoshi; yakupasa kujua pia utakuwa umekaribia kiasi gani siku ile nguvu zitakapokwisha.

Jambo lililofuata alilitengeneza mama peke yake. Alisema kama milioni sita haishikiki tena, tuishike ile 3,500. Akafikiri, akasema dizeli nyingi inapotea kwa kuiwasha injini kwa gunia moja, kuizima, na kuiwasha tena akija mwingine. Kuanzia Jumatatu ile injini iliwashwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na saa kumi jioni, magunia yakiwa yamekusanyika. Baada ya juma mbili tukapima: dizeli ilikuwa 1,600 kwa gunia. Kikomo kikashuka kutoka 3,500 hadi 3,200. Bei akaiweka 4,500, akaongeza kwamba mwenye kusubiri atapepetewa mchele wake na mama mdogo bila malipo. Kwa hesabu hiyo deni linataka magunia 4,616, yaani miaka mitatu na kidogo. Wateja wengine walibaki kwa jirani, lakini waliochoka kupepeta walirudi.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu swali la mama. Alifurahi mno, akaniambia ya kuwa mama yangu ameuliza swali lililowachukua wataalamu wa Ulaya zaidi ya miaka mia moja. Kalkulasi ilitumika tangu siku za Newton na Leibniz, karne ya kumi na saba, watu wakisema namba fulani "inakaribia" nyingine bila kueleza vizuri kukaribia ni nini. Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa aliweka mambo sawa katika kitabu chake cha mwaka 1821, na Karl Weierstrass wa Ujerumani akayakaza. Huyu Weierstrass alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari miaka mingi, akifundisha hata mazoezi ya viungo, kabla ya kuitwa Berlin mwaka 1856. Nawatajia walimu wetu habari hiyo ili wasikate tamaa.

Njia yao, alivyotueleza mwalimu, ni kama mashindano ya watu wawili. Wa kwanza anasema: nitajie udogo wowote upendao. Wa pili anasema: shilingi 100. Wa kwanza anajibu: kuanzia gunia la 60,000 na kuendelea, wastani hautakuwa mbali na 3,500 kwa zaidi ya shilingi 100. Wa pili anasema: shilingi 10. Anajibiwa: gunia la 600,000. Shilingi 1. Gunia la milioni sita. Ikiwa wa kwanza anaweza kujibu kila mara, hata atajiwe udogo gani, basi 3,500 ni kikomo. Tazama, msomaji, ile nane iliyolala haimo kabisa katika mazungumzo hayo. Kuna namba za kawaida tu, moja ya udogo na moja ya wingi, na swali la mama ndilo hilo limegeuzwa: yeye alikuwa na wingi, akataka kujua udogo.

Tulicheza mchezo huo Jumatano nzima kwa kutumia sehemu ile niliyoikosea mwezi wa pili. Safari hii nilimaliza wa nne, nami nilikuwa sahihi. Aliyemaliza wa kwanza alikosea, akakunja mikono. Nilimwona, nikanyamaza.

Juma lililopita matroni aliniita, ujumbe umefika katika simu yake kutoka kwa mama. Ulisema hawajambo wote, magunia yamefika 612, na mkanda mmoja umekatika. Nikachukua kalamu. Mkanda tulikwisha kuuweka katika ile 600.